Hesabu ya Stata

Asubuhi yangu ya kwanza katika kijiji cha Daudi, huku milimani Mbulu, niliamshwa na lori. Nilikuwa nimefika siku moja kabla kutoka Tabora, na barua ya kupangiwa kazi kwenye zahanati, blanketi moja jembamba, na imani kwamba Tanzania nzima ina joto. Chumba nilichopangishwa kilikuwa cha uani. Nyuma ya ukuta wake kulikuwa na njia yenye mteremko, na juu ya mteremko huo ndiko lori lilikolala. Nilisikia mlango wa chuma ukibamizwa, mtu akakohoa, halafu stata ya kuamshia injini ikaanza kulia kwa sauti nzito ya kujivuta, kama ng'ombe anayelazimishwa kuinuka. Nikajikuta nahesabu.

Sikuhesabu kwa kupenda. Kazi yangu ndiyo imenifanya hivi. Mtoto akiletwa anabanwa kifua, unakaa mbele yake na saa, unahesabu pumzi zake dakika nzima, na mama yake akikusemesha katikati inabidi uanze upya. Miaka kumi ya namna hiyo inamharibu mtu. Nahesabu ngazi, nahesabu matone ya bomba, nahesabu ni mara ngapi mgeni rasmi anasema "ndugu wananchi". Basi asubuhi ile nilihesabu stata. Ilipiga kumi na mbili, ikapumzika. Ikapiga kumi na tano, ikapumzika. Ikapiga tisa, ikanyamaza. Kisha nikasikia jiwe likiburutwa, na kitu kizito kikaanza kuteremka karibu na kichwa changu bila mlio wa injini, matairi tu juu ya kokoto. Nilikaa kitandani nikisubiri ukuta uniangukie. Chini kabisa, mbele ya geti la zahanati, injini ilikohoa mara mbili ikawaka, na mbwa wa kijiji kizima wakaipigia kelele.

Nilikuwa na maneno yangu tayari kwa ajili ya huyo dereva, lakini alikuwa ameshaondoka. Nikayatunza mpaka jioni. Niliporudi kazini nilikuta lori limesimama palepale juu, limeinamisha pua kuelekea chini, na mtu amechuchumaa mbele yake anasukumiza jiwe chini ya tairi. Alipogeuka niliona ni mama mwenye nyumba wangu, yule mjane mpole aliyenipokea jana yake kwa uji wa moto. Alikuwa amevaa sweta mbili na buti za mpira, na mikono yake ilikuwa myeusi kwa oili.

"Shikamoo mama," nikasema, maana hasira ni hasira lakini salamu ni lazima.

"Marahaba mwanangu. Ulilala vizuri?"

"Nililala mpaka gari yako ilipoamka."

Alicheka hadi akashika bodi la lori. "Hiyo ni baridi tu. Marehemu baba wa nyumba hii alikuwa anasema, stata ni kupiga hodi. Anayefungua mlango ni mteremko."

Hivyo ndivyo nilivyojua mambo ya lori lile. Mume wake alilinunua likiwa limeshazeeka, akabeba nalo vitunguu swaumu vya Daudi kupeleka Katesh, akirudi na mahindi ya kule tambarare. Mkewe alikaa kiti cha pembeni miaka na miaka, akiangalia mikono na miguu ya mumewe, mpaka siku moja akamwambia asogee. Mume alipofariki, watu walidhani lori litaota majani. Wiki sita baadaye mama alichukua leseni aliyokuwa ameificha kwenye sanduku la vitenge, akaenda Katesh na kurudi.

Lile jiwe la tairi alilichonga marehemu. Lilikuwa na mfereji umelizunguka kiunoni, na kwenye mfereji huo imefungwa kamba ndefu inayopita hadi kwenye dirisha la dereva. Mama alikuwa na utaratibu usiobadilika. Anapanda, anapiga stata kwa adabu, mara mbili au tatu. Isipokubali, anavuta kamba, jiwe linatoka, anaachia breki ya mkono, lori linateremka, na chini kule barabara inaponyooka anaachia klachi. Linawaka. Miezi yote niliyolisikiliza, liliwaka mahali pamoja, mbele ya geti letu la zahanati. Sote tulisema ni kwa sababu hapo ndipo linapokuwa limepata mwendo wa kutosha.

Kuna kitu kingine nilikipata kupitia ukuta ule. Mama alikuwa anahesabu pia, ndani ya kabini, kwa Kiiraqw, lugha ya kwao, na kwa sauti, kama anayembembeleza mtoto anywe dawa. Wak, tsar, tam. Moja, mbili, tatu. Ndivyo nilivyojifunza namba za Kiiraqw, nimelala chali, nimejifunika hadi puani. Kwa kuwa lori lilikuwa gumu kuwaka, nilifika mbali sana. Nilipotimiza miezi mitatu nilikuwa nahesabu mpaka arobaini, na zahanatini akina mama walikuwa wananiletea watoto ili tu wasikie nesi wa Tabora anavyosema nne. Herufi ya mwisho ya neno hilo inatoka kooni, na koo langu lilikuwa halijawahi kuombwa kitu kama hicho.

Nikafungua daftari. Sioni aibu kusema. Lilikuwa la kurasa themanini, na nililichora mistari kama rejista ya wagonjwa wa nje: tarehe, hali ya hewa, idadi ya stata, maelezo. Jioni mama alikuwa ananiuliza, "Leo imepiga ngapi?" nami namsomea. Thelathini na moja. Ishirini na saba. Siku chache, ghafla, tatu au nne, na siku hizo kwenye maelezo niliandika "baridi kidogo" hata kama nilikuwa nimevaa soksi mbili. Kisha tena thelathini. Mgonjwa huyu alikuwa anazidiwa, na ndugu zake walikuwa wanasema ni baridi.

Siku moja nilikuwa na semina Katesh, nikapanda lori naye. Nikamwomba tupite kwa fundi. Fundi yule alikuwa kijana mwenye maneno mengi na ujuzi mwingi zaidi, na alinieleza jambo ambalo nalikumbuka hadi leo. Injini ya dizeli, alisema, haina cheche. Inaibana hewa mpaka hewa yenyewe inakuwa ya moto, ndipo dizeli inanyunyiziwa humo ndani, inashika. Asubuhi ya baridi chuma kinalinyonya lile joto, ndiyo maana inachelewa kidogo.

"Kidogo ni ngapi?" nikamuuliza.

"Kama ni nzima, dada, hata huko kwenu Daudi, hesabu tatu. Tano ikiwa imenuna. Ukifika kumi achia ufunguo, stata ipoe, la sivyo utaiunguza." Akaligeukia lori, lililokuwa linanguruma muda wote huo. "Mama, zima niwashe mwenyewe nisikie."

"Sizimi," mama akasema.

"Sasa nitajuaje ugonjwa wake?"

"Sizimi kwenye tambarare."

Fundi alilisikiliza likinguruma, akaegemeza kichwa, akasema halina tatizo lolote. Nilimwelewa. Nimeona homa nyingi zikipotea mgonjwa akifika mbele ya daktari. Lakini mama nilimkasirikia, na njiani nilimwambia. Akaniambia kwamba hiyo ilikuwa amri ya marehemu. Kuna mwaka lori lilizimwa Balangdalalu, kijiji cha tambarare, limejaa mahindi, na betri ya wakati huo ilikuwa mbovu. Walikaa siku mbili. Familia moja ya wafugaji iliwapa maziwa na vijana wa kusukuma, ila lori lenye mzigo halisogezwi kwa maziwa. Tangu hapo marehemu hakuzima tena injini mahali pasipo mteremko, na alimfundisha mkewe hivyohivyo. Hata kituo cha mafuta alikuwa nacho kimoja tu, chenye njia ya kuingilia iliyoinama. Betri ilikuwa imeshabadilishwa mara mbili tangu Balangdalalu. Amri ilibaki.

Watu wa mlimani wanauamini mteremko kama wengine wanavyomwamini mjomba mwenye pesa.

Kisha mwezi wa saba, baridi ikiwa imekaza, likatokea jambo. Niliisikia stata ikipiga mpaka ikachoka, nikasikia jiwe likitoka, lori likashuka, halafu badala ya injini nikasikia mbuzi. Kundi la mbuzi lilikuwa limekatiza katikati ya mteremko. Injini ikiwa imezimika, breki ya lori lile inakuwa ngumu kama jiwe, unakanyaga na miguu miwili. Mama alikanyaga, akakata kona, akaingia na lori zima kwenye uzio wa jirani na kusimama katikati ya matuta ya vitunguu swaumu. Nilifika nikikimbia na kandambili moja. Alikuwa ameshika usukani, mzima kabisa, na harufu ya vitunguu vilivyopondeka ilikuwa kali hadi macho yanawasha.

"Mbuzi wamepona?" akaniuliza.

Habari ilifika Nangwa kabla ya saa sita mchana. Nangwa, kule chini Hanang, ndiko alikoishi shemeji yake, kaka mkubwa wa marehemu. Jumamosi ile alikuja. Alikuwa mzee mrefu, mtaratibu, na nilipomwamkia alinishika kichwa kabla ya kujibu. Nilikuwa nimeamua kumchukia, akaniharibia mpango.

Aliongea na mama sebuleni, nami nikiwa napeleka chai.

"Shemeji," alisema, "mimi nilimzika mdogo wangu. Sitaki kukuzika na wewe kwa sababu ya hii gari. Iuzwe chuma chakavu. Wewe uje Nangwa, nyumba ya kukaa ipo."

Mama hakuinua macho. Mimi nilijua maana ya maneno hayo, na yeye aliijua zaidi. Bila lori asingeweza kuishi Daudi peke yake. Angekwenda kukaa kwa watu, akilishwa vizuri na kuheshimiwa, mgeni mpaka siku ya kufa. Watoto wake wawili walikuwa mbali na kazi zao, na nyumba ile ingefungwa. Wala shemeji hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomnyima mama hata nafasi ya kugombana.

"Gari inawaka," akasema hatimaye. "Ni baridi tu."

"Basi, baada ya wiki mbili, njoo nayo kwangu. Ilale kwenye uwanja wangu, tambarare. Asubuhi uiwashe kwa ufunguo, bila kusukumwa na mtu. Ikiwaka kabla ya hesabu ya kumi, mimi sitatia mdomo tena. Isipowaka, inabaki palepale, na wewe unabaki na sisi."

Uwanja tambarare. Nilidhani mama atakataa. Alikunywa chai yake yote, akaweka kikombe.

"Nani atahesabu?"

Wote wawili wakanitazama nikiwa nimeshika birika. "Nesi," shemeji akasema. "Nesi hampendelei mtu. Na ahesabu kwa mdomo, sote tusikie. Hayo mambo ya saa sisi hatuyaoni."

Wiki mbili tulizopewa mama alizitumia kulisafisha lori. Alimwagia vichwa vya betri maji ya moto, akavisugua vikang'aa, akakaza kila kilichokazika. Mimi nilizitumia kwa kitu kingine, na ninakisema hapa kwa sababu nimechoka kukaa nacho. Nilifanya mazoezi ya kudanganya. Nikiwa peke yangu zahanatini, nakunja pamba, nilikuwa nahesabu wak mpaka mibaangw, ambayo ni kumi, huku naiangalia saa yangu ya kifuani. Hesabu ya haki ilichukua sekunde kumi. Nikaanza kuivuta. Nikagundua namba za Kiiraqw zinavutika vizuri sana, mtu akijifanya koo linamsumbua. Kufikia mwisho wa wiki ya pili kumi yangu ilikuwa inachukua sekunde kumi na nane, na mtu asingeshuku kitu, angeihurumia tu lafudhi ya Tabora. Mimi ambaye sijawahi kuandika pumzi arobaini mahali pa thelathini na nane.

Tulishuka siku ya Ijumaa, tukapita Mbulu mjini na Dongobesh, mama akiendesha bila kuimba, na si kawaida yake. Mlima Hanang ulipojitokeza mbele yetu alisema tu, "Huko hakuna mahali pa kuteremkia." Nikamwambia atulie. Sikumwambia kuhusu mazoezi yangu.

Tulifika Nangwa jua bado lipo juu. Uwanja wa shemeji ulikuwa mkubwa, umefagiliwa, na tambarare kama meza. Mama aliuzunguka mara mbili akitafuta japo kijiinamo. Hakikuwapo. Akasimama katikati, injini ikinguruma, watu wa nyumba ile wakatoka kutupokea, na yeye bado ameshika ufunguo. Nilikaa pembeni yake, mahali alipokaa yeye miaka yote ile. Kisha akazima. Ukimya uliofuata ulikuwa mkubwa hadi nikawasikia kuku wakiparua. Aliuinamia usukani akakaa hivyo, nami nikamwacha.

Asubuhi nilitoka mapema nikavuta hewa kwa nguvu, nipime baridi. Pumzi yangu ilionekana. Mlima ulikuwa umejifunika wingu na bodi la lori lilikuwa na umande wa baridi kali. Niliomba jua liwahi, halikuwahi. Shemeji alitoka amejitanda blanketi, mkewe nyuma yake, na majirani wawili ambao hakuna aliyewaita. Mama alipanda. Kupitia kioo nilimwona akisogeza midomo, sijui ni sala au ni namba.

Shemeji akanitikisia kichwa.

Stata ikalia, nami nikafungua mdomo. "Waaaak," nikasema, nikaivuta mpaka nikaishiwa na pumzi. Nikameza mate, nikajikohoza kidogo kama nilivyopanga. "Tsaaa..."

Injini ikawaka.

Haikukohoa. Ilishika mara moja, ikatoa moshi mweupe, kisha moshi ukakonda, na lori likasimama pale likitetemeka kwa afya. Mimi nilibaki na mdomo wazi, nusu ya namba bado imo ndani. Kisha injini ikazimika. Nikadhani basi, ilikuwa bahati ya mara moja.

Lakini haikuzimika yenyewe. Mama ndiye aliizima. Alitutazama kupitia kioo, akageuza ufunguo, ikawaka kabla sijafungua mdomo. Akazima. Akawasha. Akazima tena, akawasha tena. Alikuwa anacheka na machozi yanamtiririka hadi kidevuni, na mkono wake ukienda na kurudi kwenye ufunguo ule kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Miaka yote ile hakuwahi kuzima mahali tambarare kwa kupenda kwake.

"Shemeji, imetosha," mzee akapaza sauti. "Utaimaliza betri. Njoo unywe chai."

Mzee alipopita karibu yangu alisimama. "Umehesabu ngapi, nesi?"

"Mbili. Hata hazijatimia."

"Mbili za haki?"

Saa yangu ilikuwa imeonyesha sekunde nne. Nne bado ni chini ya kumi, na wala hazikuhitaji msaada wangu. "Za haki, mzee," nikasema. Hivyo nilidanganya bila sababu yoyote, maana uongo nilikuwa nimeshauandaa na ulikuwa unatafuta mahali pa kutokea. Alinitazama kidogo, akatabasamu, akaenda zake. Neno lake alilishika. Mpaka leo hajalitaja tena lile jambo la chuma chakavu.

Sasa kilichobaki kilikuwa swali. Kwa nini? Mkewe shemeji alisema Nangwa haina baridi ya Daudi. Majirani walisema ni maombi. Njia nzima ya kurudi mama alikuwa amekunja uso, na nilimjua vya kutosha kumwacha afikiri.

Tulipofika Daudi alipanda mteremko kwa mazoea, akaliinamisha lori, akatia jiwe chini ya tairi. Halafu hakuingia ndani. Akachukua kijiti chake cha kupimia mafuta, maana geji ya lori lile ilikufa zamani, akafungua mfuniko wa tanki, akakitumbukiza. Kilitoka kikavu.

"Nimeingia na mafuta," akasema, "na hapa hayapo."

Akavuta jiwe, akawasha kwa mafuta yaliyokuwa bado ndani ya injini, akateremka taratibu hadi mbele ya zahanati, pale barabara inaponyooka. Nikamfuata mbio. Akazima, akatumbukiza kijiti. Kikatoka kimelowa kiasi cha vidole vitatu. Alikishika mbele ya macho yangu, akaniachia muda wa kufikiri, na nilihitaji muda huo.

Baada ya kufiwa, mama aliacha kujaza tanki, isipokuwa kabla ya safari ndefu. Aliogopa wanaonyonya dizeli za watu, hivyo alikuwa analaza tanki na mafuta kidogo tu. Mafuta kidogo kwenye lori lililoinama yanakimbilia upande wa mbele wa tanki, na mpira unaoyavuta upo nyuma, karibu na mfuniko. Usiku kucha hewa ilikuwa inaingia kwenye mpira. Asubuhi stata inapiga, inapiga, haina cha kuwasha. Lori linateremka mpaka panaponyooka, mafuta yanarudi mahali pake, linawaka. Mwendo haukuhusika. Mteremko tulioushukuru kila siku kwa kuliwasha ndio uliokuwa unalizuia kuwaka, na mahali pekee ambapo lingejieleza ni tambarare, ambako lilikatazwa kuzimwa.

Nilikimbia chumbani nikaleta daftari. Tukalisoma tumekaa kwenye ngazi za zahanati. Kila penye tatu au nne, siku moja kabla mama alikuwa ametoka kujaza mafuta kwa ajili ya safari ndefu. Yote yalikuwa yameandikwa kwa mkono wangu mwenyewe, na pembeni nimeandika "baridi kidogo". Kila siku nawafundisha akina mama kwamba homa si ugonjwa, ni dalili, tafuta chanzo. Nilitamani kulila lile daftari.

Mama alikuwa anakigeuzageuza kile kijiti. Nikajua anamfikiria nani.

"Yeye ndiye alinifundisha kulaza hapo juu," akasema.

"Alikosea?"

Alikifuta kijiti kwenye sketi yake, taratibu, juu mpaka chini. "Hakukosea. Wakati wake tanki lilikuwa linajaa na betri ilikuwa mbovu. Alinifundisha gari ya wakati wake." Akavuta kamasi, akainuka. "Kesho nanunua kufuli la tanki."

Tangu siku ile lori linalala chini, kwenye uwanja mdogo pembeni ya geti la zahanati, na tanki lina kufuli kubwa kuliko la stoo yetu ya dawa. Kamba ya marehemu mama aliikunja akaiweka kwenye sanduku la vitenge, ilipokuwa leseni. Jiwe akaniletea mimi. Mlango wa chumba changu hufunguliwa na upepo, na jiwe lile lenye mfereji kiunoni linaushika vizuri.

Wiki kadhaa baadaye tulikuwa tunachambua maharage uani, akasema bila kuniangalia, "Ile wak yako ya Nangwa ilikuwa ndefu kama barabara ya Dodoma."

Nikayainamia maharage. Masikio yangu yalipata moto.

"Nilikuwa ndani ya kabini, lakini sikuwa kiziwi," akaendelea. "Mimi ndiye nilikufundisha hizo namba. Najua urefu wake." Akarusha punje mbovu kwa kuku. "Ningeshinda kwa wak yako, mwanangu, ningelala vibaya. Lakini nilipoisikia, sikuogopa tena. Nikaushikilia ufunguo kwa nguvu."

Sasa asubuhi nasikia mlango wa chuma kwa mbali, kikohozi, na stata. Wak, nasema ndani ya blanketi, ambalo siku hizi ni zito, la hukuhuku. Tsar. Na injini inanguruma. Miezi inapita sijafika tam. Zahanatini akina mama wananilalamikia kwamba Kiiraqw changu kinapotea, ile nne ya kooni siiwezi tena. Nawaambia ukweli: nimekosa mahali pa kuifanyia mazoezi.